Sheria ndogo ya kijiji nayo ni pembejeo

Mwaka 1979 Serikali ya Tanzania iliona kuwa ardhi ya Kondoa haiwezi tena kubeba mifugo. Makorongo yalikuwa yamekata mashamba vipande vipande, vilima vimebaki vipara, na kila mvua kubwa ilishusha mchanga hadi kwenye mabonde yaliyokuwa yakilimwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kwa kifupi, ulioanza 1973, ulikuwa umekwisha kujaribu matuta na upandaji miti. Sasa likaja agizo: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote watoke. Karibu mifugo 90,000 iliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256.

Majani yalirudi. Hilo halina ubishi, na hata leo anayepita Kondoa ataona vilima vilivyofunikwa na vichaka. Lakini mifugo ilipoondoka, yaliondoka pia maziwa ya watoto, samadi ya shambani, maksai wa kulimia na ile akiba inayotembea ambayo familia huuza mwaka wa njaa. Wenye ndugu nje ya mipaka ya mradi walipeleka mifugo kwao. Wengine waliuza. Ilipita karibu miaka kumi kabla ng'ombe wa maziwa wa kufugiwa bandani hawajaruhusiwa kuingia.

Miaka saba baada ya agizo hilo, mwaka 1986, mradi wenye jina linalofanana ulianzishwa Shinyanga: Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutembelea mkoa huo mwaka 1984 na kushtushwa na alichokiona. Uharibifu wa huko ulikuwa na historia ndefu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu kwa maelfu ya hekta ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikameza sehemu nyingine, kuni na mkaa vikaendelea kupunguza kilichobaki, na watu walipohamishiwa kwenye vijiji katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi zilijikuta mbali na maeneo waliyoyatunza kwa vizazi. Mkoa ukaanza kuitwa jangwa.

Wataalamu wa HASHI walianza kwa njia iliyozoeleka. Walijenga vitalu, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, wakaendesha kampeni za kupanda. Wananchi hawakuchangamka. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipoketi na wazee wa Kisukuma na kuwauliza zamani walikuwa wanafanyaje. Jibu lilikuwa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii. Majani yanakua, yanatoa mbegu, kisha yanakauka yakiwa bado yamesimama. Kiangazi kinapokolea, wakati malisho ya wazi yamekuwa vumbi tupu, ngitili hufunguliwa kwa mpangilio, na kipaumbele hupewa maksai, ndama na ng'ombe waliodhoofu. Katika miezi ile ya kufungwa, machipukizi yanayotoka kwenye visiki na mizizi iliyofichika ardhini hupata nafasi ya kuinuka bila kutafunwa. Migunga, milama na mikwaju hurudi bila kupandwa na mtu. Hakuna mche ulionunuliwa, hakuna maji ya kumwagilia, hakuna uzio wa waya. Mpaka unaweza kuwa mti fulani, njia ya ng'ombe au kichuguu, na kila jirani anaujua.

Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika mkoani zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, kabla Simiyu haijamegwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine nchini wa ardhi iliyoponywa kwa ukubwa huo kwa fedha kidogo namna hiyo.

Faida yake inaonekana hata mfukoni. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, ukachapishwa 2005, ulikadiria kuwa kuni, fito, nyasi za kuezekea, asali, mboga za porini, dawa na malisho ya ngitili vilikuwa na thamani ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Wanawake waliokuwa wakitembea saa nyingi kutafuta kuni walizipata karibu na nyumbani. Mapato ya ngitili za vijiji yalisaidia kujenga madarasa na ofisi za vijiji.

Kondoa na Shinyanga zilikuwa na tatizo moja, na dawa yake kimsingi ilikuwa moja: kuyapumzisha malisho ili majani na miti irudi. Tofauti ilikuwa nani alishika ufunguo. Kondoa ufunguo ulishikwa na mradi. Shinyanga ulishikwa na familia yenyewe, au na kijiji. Ngitili ya familia ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Ngitili ya kijiji ilikuwa na kanuni zilizojadiliwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu walizisimamia. Baadaye kanuni hizo ziliingizwa kwenye sheria ndogo za vijiji. Aliyeingiza ng'ombe wakati wa kufungwa alitozwa faini na watu anaokutana nao mnadani na msibani.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Serikali, mashirika na wafadhili wanapozungumzia kilimo endelevu cha gharama nafuu, mazungumzo huanzia kwenye mbinu: mboji, matuta, kilimo mseto, mbegu za asili. Mbinu hizo ni nzuri, na nyingi zimethibitika mashambani. Lakini ukizifuatilia kijiji kwa kijiji, zinakwama mahali palepale. Mkulima maskini anafanya kazi ya msimu mzima na haimfai kitu, kwa sababu hana mamlaka ya kulinda alichokitunza. Mamlaka hayo hayauzwi kwa wakala wa pembejeo. Yanatokana na sheria ndogo ya kijiji inayotambuliwa na halmashauri ya wilaya na kuheshimiwa na jirani, na yanastahili kuhesabiwa katika bajeti ya kilimo kama mbegu na mbolea zinavyohesabiwa.

Mfano wa karibu zaidi uko Dodoma. Tangu 2018 taasisi ya LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit ya Uholanzi imekuwa ikifundisha wakulima wa mkoa huo njia inayoitwa kisiki hai. Mkulima anatafuta shambani kisiki chenye machipukizi mengi. Anabakiza machache yaliyonyooka, matatu hadi matano, anakata mengine, anapogoa matawi ya chini ya yale aliyoyabakiza, kisha anafunga kitambaa. Zana zote ni panga na kitambaa. Mti unaokua hivyo tayari una mizizi mirefu ardhini, kwa hiyo hukua upesi na hustahimili ukame kuliko mche wa kitalu unaoanza maisha na mzizi wa inchi chache.

Kitambaa hicho kinatangaza kuwa kisiki kina mwenyewe. Kinamwambia mchungaji asilishie pale, kinamwambia mkata kuni apite mbali. Kwenye kijiji ambacho uongozi umekubali na watu wameelezwa, kitambaa kinafanya kazi. Pasipo na makubaliano, machipukizi yaliyotunzwa tangu Januari yanaisha asubuhi moja ya Agosti mbuzi wanapoachiwa.

Njia hiyo ina mizizi Niger. Mwaka 1983, katika eneo la Maradi, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aligundua kuwa vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa inayojaribu kuota tena. Miaka ya kupanda miche ilikuwa imeambulia kidogo sana, kwa sababu karibu yote ilikufa. Rinaudo alipoanza kuwashawishi wakulima waache machipukizi yakue, alikutana na kikwazo ambacho hakikuhusu kilimo hata kidogo. Tangu enzi za Wafaransa, kwa amri ya 1935, miti ilihesabiwa kuwa ya dola hata ikiwa ndani ya shamba la mtu. Mkulima aliyekata tawi bila kibali alitozwa faini. Kwa hiyo lililo salama kwake lilikuwa kuung'oa mti ungali mchanga, kabla afisa misitu hajauona.

Hali ilianza kubadilika pale maafisa misitu wa eneo hilo walipokubali kutowabughudhi wakulima waliotunza miti mashambani mwao. Sheria zenyewe zilikuja kurekebishwa baadaye. Katika miaka ishirini miti ilirudi kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba ya Niger, eneo ambalo watafiti walilithibitisha kwa kulinganisha picha za angani na za satelaiti. Wakulima waliofanya kazi hiyo ni miongoni mwa watu maskini zaidi duniani.

Mwaka 2018 Rinaudo alipewa Tuzo ya Right Livelihood pamoja na mkulima wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo. Mzee Sawadogo hakuwahi kuwa mtaalamu wa ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ukame ulipowafukuza wengi kaskazini mwa nchi yake, alibaki Gourga akachimba mashimo ya zai kwenye ardhi ngumu kama sakafu. Zai ni mbinu ya wazee wake. Yeye aliyapanua mashimo na kuyatia samadi na mabaki ya mimea wakati wa kiangazi, mchwa wakaja, wakatoboa ardhi, na mvua ya kwanza ikazama badala ya kutiririka. Alivuna mtama mahali ambapo wenzake walikuwa wamekata tamaa, kisha mashimo yaleyale yakaotesha msitu. Halafu mji wa Ouahigouya ukapanuka, viwanja vikapimwa, na sehemu ya msitu wake ikaingizwa kwenye ramani ya makazi. Alifariki Desemba 2023 akiwa na heshima ya dunia nzima. Sifa hizo hazikuwa hati ya ardhi.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake za kazi nzuri iliyoharibiwa na amri. Machakos, mwaka 1938, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu kwa jina la kuhifadhi udongo. Uluguru, miaka ya 1950, wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mara nyingi matuta hayo yalifukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukafa.

Wakulima haohao baadaye walichimba matuta kwa hiari yao. Machakos iligeuka kuwa mfano unaofundishwa vyuoni. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vikiwa vya wanawake, vilichimba mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko hadi ngazi inajijenga yenyewe kadiri miaka inavyopita. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua, kama walivyoonyesha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika kitabu chao cha 1994. Kwenye Uluguru nako, Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), shirika lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011 na Janet Maro na wenzake, linafundisha makinga maji, mboji na dawa za kuua wadudu zinazotengenezwa kwa mimea, na wakulima wanazichukua. Kilichobadilika ni kwamba anayechimba ndiye anayeamua achimbe wapi, na anajua shamba litakuwa lake mwaka ujao.

Wapo watakaosema haya yote ni mazuri lakini hayashibishi, na kwamba Tanzania inahitaji mbolea. Inahitaji kweli. Mwaka 2022, bei zilipopanda duniani kutokana na vita vya Ukraine, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita Sh130,000 nchini. Ruzuku ya msimu wa 2022/23 iliushusha hadi Sh70,000, na iliwaokoa wakulima wengi. Hakuna sababu ya kuibeza. Sri Lanka ilionyesha mwaka 2021 madhara ya kuiondoa mbolea ya viwandani kwa pupa: iliipiga marufuku mwezi Aprili, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kufikia Novemba serikali ilikuwa inarudi nyuma huku wakulima wakiwa barabarani.

Swali ni kwa nani na kwenye udongo gani. Kwa kaya inayolima heka mbili za mahindi, Sh70,000 kabla ya mvua ni fedha ya kuuza mbuzi au kukopa kwa mfanyabiashara atakayelipwa kwa magunia wakati bei iko chini. Na kwenye udongo wa kichanga uliokosa mboji, sehemu kubwa ya mbolea hiyo huoshwa na mvua. Utafiti wa miaka kadhaa uliofanyika Malawi na kuchapishwa 2010 uliliangalia jambo hili kwa makini. Mashamba yaliyochanganya au kupokezanisha mahindi na mikunde kama mbaazi na karanga, yakipewa nusu tu ya mbolea, yalitoa nafaka sawa na mashamba ya mahindi matupu yaliyopewa mbolea kamili. Kwa mkulima maskini hiyo ni nusu ya deni, na juu yake kuna mboga ya protini kwa watoto.

Lakini mbaazi hukaa shambani miezi kadhaa baada ya mahindi kuvunwa. Katika vijiji vingi, mahindi yakishatoka, mashamba yote huhesabiwa kuwa malisho ya wazi hadi mvua zirudi. Ni desturi yenye manufaa yake, kwa sababu mifugo hula mabua na kuacha samadi. Kwa mwenye mbaazi, desturi hiyo ni hasara. Mama aliyeshauriwa na bwana shamba achanganye mazao anajikuta anashinda shambani Julai na Agosti akifukuza ng'ombe wa watu, na msimu unaofuata anarudi kwenye mahindi matupu. Mtaalamu akija kufanya tathmini ataandika kuwa mkulima hakupokea teknolojia.

Teknolojia ya vuta-sukuma iko kwenye hatari ileile. Ilibuniwa na watafiti wa kituo cha ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, chini ya Profesa Zeyaur Khan, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jani la jamii ya mikunde linalotambaa. Mizizi yake hutoa kemikali inayoamsha mbegu za gugu la kiduha kisha kuziua kabla hazijajishika kwenye mahindi, na pia huongeza naitrojeni ardhini. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, yanayovuta nondo wa viwavi watoboa mabua wakatage mayai huko. Viwavijeshi vamizi walipoingia ukanda huu miaka ya 2016 na 2017, watafiti waliopima mashamba ya vuta-sukuma walikuta viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na matokeo hayo yalichapishwa 2018. Desmodiamu na mabingobingo ni malisho mazuri ya ng'ombe wa maziwa. Basi ng'ombe wa jirani nao wanayapenda, na shamba lisilo na ulinzi wa kanuni ya kijiji linageuka karamu.

Ugumu mwingine hauna budi kusemwa, maana kilimo cha gharama nafuu kikiuzwa kama cha bure kinawadanganya watu. Kinaokoa fedha na kinakula nguvu. Kuchimba zai kwenye hekta moja ni mamia ya saa za jembe. Ngoro za Wamatengo wa Mbinga, mashimo ya mraba yaliyojipanga kwenye mteremko kama sega la nyuki, zimezuia mmomonyoko kwa zaidi ya karne moja, lakini kila shimo lina mgongo wa mtu ndani yake: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, kwa kawaida na wanaume, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Kaya yenye mgonjwa, au mama anayelea peke yake, haiwezi kazi hiyo bila kikundi. Soko nalo halisubiri. India ilipobana uingizaji wa mbaazi mwaka 2017, bei Tanzania iliporomoka na wakulima wengi wa Lindi, Mtwara na Manyara walibaki na magunia nyumbani.

Ngitili zenyewe hazikugawa faida kwa usawa. Watafiti waliozifuatilia walionyesha kuwa familia zenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndizo zilizonufaika zaidi na ngitili za binafsi. Wasio na ng'ombe walitegemea za kijiji kwa kuni, uyoga na nyasi. Kadiri ardhi ilivyopanda thamani, wenye nazo walianza kukodisha malisho au kuuza. Kwa hiyo kanuni ya kijiji inaweza kumlinda maskini, na inaweza pia kumfungia mlango, kutegemea nani alikuwepo ilipoandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji la watu saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Hata hivyo kanuni za malisho na miti huandikwa kwenye vikao vingine, vya kamati za mazingira na mikutano ya mchana, saa ambayo wanawake wako kisimani. Wakati wa mkutano nao ni sehemu ya haki.

Sheria za kuwezesha haya yote zipo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ushiriki wa mkutano mkuu, ikisubiri idhini ya halmashauri ya wilaya. Sheria ya 1999 inatambua ardhi ya kijiji na hati za kimila. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Kinachokosekana ni watu na fedha za kuzifikisha kijijini. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unahitaji wapimaji, vikao, ramani na usuluhishi wa mipaka, na vijiji vingi vinasubiri mfadhili aje. Rasimu ya sheria ndogo nayo inaweza kukaa wilayani muda mrefu ikisubiri mwanasheria aipitie, na kabla haijaidhinishwa, mwenyekiti wa kijiji anayetoza faini hana pa kushika akipelekwa mahakamani.

Kuchelewa huko kuna gharama mpya. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotolewa 2022, kampuni zinavitafuta vijiji vyenye misitu. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vilivyokuwa na misitu iliyotengwa kisheria vimepokea fedha za kaboni na kujenga madarasa na zahanati. Kijiji chenye miti mingi lakini kisicho na mpaka ulioandikwa hakina cha kuweka mezani, na kikisaini mkataba bila kuelewa haki zake kinaweza kufungwa kwa miaka mingi.

Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki 7,000 kwa maafisa ugani. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa vijiji vya Tanzania Bara vinazidi 12,300 na pikipiki bila mafuta ya mwezi mzima ni mzigo. Afisa huyo akifika kijijini leo, anaulizwa wakulima wangapi amewasajili kwa ajili ya ruzuku. Aulizwe pia kijiji kimekubaliana lini mifugo iingie mashambani, mbaazi zinalindwaje, nani anatunza visiki na nani anatoza faini. Aende na ofisa maendeleo ya jamii, kwa sababu mazungumzo ya wakulima na wafugaji hayamalizwi kwa kipeperushi. Morogoro, mkoa ambako damu imemwagika kwa migogoro ya pande hizo mbili, SAT imekuwa ikiwakutanisha wakulima na wafugaji kwa makubaliano ya kawaida kabisa: mabua na malisho kwenda upande mmoja, samadi kwenda upande wa pili.

Bunge la bajeti likikutana kila Aprili, wabunge husimama kuulizia mbolea za majimbo yao, na ni wajibu wao. Wana kila sababu ya kuiuliza wizara inayosimamia serikali za mitaa maswali mengine matatu. Rasimu ngapi za sheria ndogo za malisho na miti ziko wilayani zikisubiri idhini, na tangu lini? Vijiji vingapi vya ukanda mkavu, kuanzia Dodoma, Singida na Simiyu, vitapimiwa mpango wa matumizi ya ardhi mwaka huu kwa fedha za Serikali yenyewe? Na katika ngitili zile za Shinyanga na Simiyu zilizorudishwa kwa mikono ya wananchi, ngapi hadi leo hazina karatasi yoyote inayosema ni za nani?